Mlango wa Nani?

"Binti yangu haolewi na mshairi," alisema Doña Refugio, akaendelea kukwangua miiba ya nopali, dungusi wa kuliwa, kwa kisu, kana kwamba amesema tu kuwa leo mvua hainyeshi.

Eloísa alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ya jikoni, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa mwalimu wa fasihi katika sekondari ya mji, mwanamke wa miaka thelathini ambaye wanafunzi wakorofi kuliko wote walinyamaza akiinua nyusi tu. Lakini mbele ya mama yake nyusi zile hazikuwahi kumtisha mtu.

"Mama, Crisanto si mgeni. Unamjua."

"Ndiyo sababu. Namjua tangu bado ndevu hazijamwota, anambebea baba yako gitaa kutoka sherehe hii mpaka sherehe ile. Aliyefundishwa na Eusebio Olvera amefundishwa yote." Kisu kikasimama. "Yote, Eloísa. Si vina peke yake."

 Baba yake Eloísa, marehemu Don Eusebio, alikuwa mshairi mkubwa wa milima ile. Palipokuwa na harusi, au sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, walimpandisha kwenye jukwaa la mbao pamoja na wapiga violini wake wawili na gitaa, naye akatunga papo hapo, akijibizana na mshairi wa jukwaa la pili mpaka jogoo awike. Wanaume walimvulia kofia. Wanawake walifanya zaidi ya hapo, au ndivyo watu walivyonong'ona. Doña Refugio alimsubiri nyumbani miaka yote ya ndoa yao, kisha akamzika, na tangu mazishi hakuna aliyemsikia akimsifu wala akimlaumu.

"Crisanto si baba," Eloísa alisema hatimaye.

"Nasikia kakutungia shairi."

"Nani kakwambia?"

"Mji huu una midomo. Kakutungia, hakukutungia?"

"Ananiambia anatunga. Hajanisomea."

Doña Refugio akapangusa kisu kwenye aproni. "Basi Jumapili aje ale. Aje nalo. Tukimaliza kula utalichambua hapa mezani mbele yangu, kama unavyochambua darasani. Mshororo kwa mshororo."

"Mama! Shairi la mapenzi? Mbele yako?"

"Mimi baba yako aliniimbia, nikafumba macho. Nilifumba macho, mwanangu, na nilipokuja kuyafumbua nilikuwa na pete kidoleni na wewe tumboni. Wewe nimekusomesha ili uyafumbue mapema. Akikataa, hapo tutakuwa tumejua."

Crisanto Rangel hakukataa.

Alifika Jumapili mchana, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa, kofia mkononi, na kikapu cha mikate ya mama yake kimefunikwa kitambaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo ya patasi, kwa kuwa siku za kazi alitengeneza magitaa. Eloísa alipomfungulia mlango hawakugusana. Walitazamana tu, na kutazamana kwenyewe kulichukua muda, hata Doña Refugio akaita kutoka ndani:

"Huo mlango umekwama, au?"

"Hapana, Mama! Anafuta viatu."

"Viatu gani vya kufutwa hivyo? Katembea kutoka baharini?"

Wakala bata mzinga kwa mchuzi wa mole wenye pilipili na kakao, na tortila za mahindi za moto zilizokuwa zikitoka jikoni moja moja. Crisanto alikula kwa adabu ya mtu anayejua kuwa hata kutafuna kwake kunapimwa.

"Kumbe mshairi anakula," alisema Doña Refugio. "Mimi nilidhani mnashiba mwezi na nyota."

"Nilijaribu nyota, mama. Hazina chumvi."

Kona ya mdomo wa Doña Refugio ikatikisika kidogo, lakini akaikaza upesi. Chini ya meza mguu wa Eloísa ukaugusa wa Crisanto, ukakaa pale. Uso wa Crisanto ukaiva kama tofali. Mama akawatazama wote wawili, akasogeza sahani pembeni.

"Haya. Tuone hiyo karatasi."

Crisanto akaitoa mfukoni mwa shati, akaikunjua, akataka kumpa Eloísa. Halafu akasita. "Naweza kusoma mimi kwanza? Yeye mwenyewe hajalisikia."

"Soma."

Akasafisha koo. Hakuwa na gitaa, hakuwa na jukwaa. Alikuwa na makombo ya tortila mbele yake na wanawake wawili. Akaanza na mishororo minne ya kufungulia:

*Nikienda, usilie,*
*njia zote zarejea,*
*taa yako yangojea,*
*komeo usilitie.*

Kikombe cha kahawa kikatua mezani kwa kishindo.

"Hayo ni ya Eusebio," alisema Doña Refugio.

"Ndiyo, mama. Ni ya mwalimu wangu."

"Hayo aliniimbia mimi! Kwenye harusi ya binamu yangu, mbele ya watu wote, mimi nina miaka kumi na tisa!" Alikuwa ameshainuka, mikono yote miwili imeshika ukingo wa meza. "Umekuja nyumbani kwangu kumtaka binti yangu kwa maneno ya mume wangu? Huna hata aibu ya kuiba mbali?"

"Mama, kaa," alisema Eloísa.

"Sikai! Nilisema, au sikusema? Wote wamekatwa kitambaa kimoja!"

"Mama." Sasa ilikuwa ile sauti ya darasani. "Umetaka nichambue. Sijaanza. Kaa kwanza."

Doña Refugio akakaa, zaidi kwa mshangao kuliko kwa utii. Eloísa akanyoosha mkono, Crisanto akampa karatasi. Vidole vyao vilikutana juu yake, na Eloísa akahisi vya Crisanto ni baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni.

"Kuchukua mishororo minne ya mtu mwingine siyo wizi," alianza. "Mama, wewe unajua hili kuliko mimi, umelisikia maisha yako yote. Mshairi huweka minne mezani, halafu anatunga beti nne za mishororo kumi kumi. Kila ubeti lazima uishie kwenye mshororo mmoja wa ile minne. Anayesikiliza anajua mwisho tangu mwanzo. Asichokijua ni njia. Kwa hiyo swali si amechukua nini. Swali ni amefikaje pale."

"Kafikaje, basi?"

Eloísa akausoma ubeti wa kwanza, taratibu, akigonga meza kwa kidole kila mizani:

*Nilikuwa mlangoni,*
*gitaa nimelibeba,*
*bwana kaaga, kashiba,*
*mke chozi li usoni.*
*Neno lile la njiani*
*nalo kwako nisingie,*
*ulimi unizuie*
*siku nitapotamka*
*kwa mdomo wa kucheka:*
*"Nikienda, usilie."*

 Nje jirani alikuwa akipiga nyundo, akaacha.

"Mizani nane kila mshororo, haujapungua hata mmoja," alisema Eloísa. Sauti yake ilijitahidi kubaki ya mwalimu. "Vina viko mahali pake: wa kwanza unafungwa na wa nne, wa pili na wa tatu, halafu wa sita na wa saba inausubiri wa mwisho. Hiyo ni fani tu, fundi yeyote anaiweza. Lakini tazama alichofanya. Baba aliposema 'usilie', alikuwa anaahidi, na msemaji ni yeye. Hapa maneno ni yale yale, hakuna herufi iliyobadilika, ila yamewekwa ndani ya alama za nukuu. Si ya msemaji tena. Ni ya mtu mwingine, na msemaji anayaogopa. Anaomba ulimi wake umgomee siku atakapotaka kuyasema."

"Sijakuelewa."

"Anamjibu baba, Mama. Amechukua maneno ya mwalimu wake na kumwambia: haya sitayasema."

Doña Refugio akamgeukia Crisanto. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama machoni. Crisanto hakuinamisha macho, ingawa kofia iliyokuwa magotini pake ilikuwa imeanza kupinda ukingo.

"Na hapa," Eloísa akaendelea, akichangamka sasa kama anavyochangamka darasani, nywele zimemwangukia, "sikia huu wa tatu. 'Bwana kaaga, kashiba.' Vitenzi viwili vifupi, pa, pa. Unamwona mtu anajipangusa mdomo!"

Kicheko kikamtoka Doña Refugio bila kupenda. "Huyo ni Eusebio mtupu. Yule hakuwahi kuondoka na njaa."

"Sasa wa mwisho. Ubeti wa nne ndio wa..." Eloísa akaupitia kwa macho kabla ya kuusoma, na mwalimu akapotea. Akabaki mwanamke mwenye karatasi mkononi. Akasoma kwa sauti ndogo:

*Kushoto waandikia,*
*mkono wafuta nyuma,*
*kilichofutwa nasoma,*
*nacho nakuhifadhia...*

Akashindwa kuendelea. Tangu utotoni aliandika kwa mkono wa kushoto, na ubaoni kila siku kiganja kilifuta nusu ya alichokwisha kuandika. Wanafunzi walimcheka. Masista wa shule ya msingi walimchapa. Crisanto alikuja kumchukua shuleni jioni moja, akasimama mlango wa darasa akimsubiri apange vitabu, akitazama ubao. Eloísa alikumbuka kumuuliza, "Unasoma nini, na yote yamefutika?" Alikumbuka pia kwamba Crisanto hakumjibu.

"Endelea," alisema mama.

"Siwezi."

"Basi niambie mimi. Hapo namna gani? Nyie mnasema sitiari, mnasema nini."

"Hapa hakuna sitiari," alisema Eloísa, akipangusa jicho kwa upande wa mkono. "Hapo ndipo penyewe. Hakuna ua, hakuna nyota. Hajanifananisha na kitu. Ni mimi tu, na chaki."

Doña Refugio akafikiri. Halafu akasema, kwa ukali wa mtu anayekagua nyama sokoni, "Mimi nina kipimo changu. Toa Eloísa, weka mwanamke mwingine. Weka Petra wa duka la uzi. Shairi linasimama?"

"Petra anaandika kwa kulia, mama," alisema Crisanto kwa upole. "Na hafuti kitu. Hata madeni."

Safari hii Doña Refugio alicheka wazi, meno yakaonekana, na kwa kitambo kidogo Eloísa akamwona yule msichana wa miaka kumi na tisa. "Ya baba yako yalisimama kwa kila mtu," alimwambia binti yake, bado akitabasamu. "Refugio, Petra, Domitila. Ungebadilisha jina tu, na gitaa lingeendelea."

Akajimiminia kahawa nyingine. Akammiminia na Crisanto. Eloísa alikiona kile kikombe kikijaa na moyo wake ukainuka, kwa sababu mama yake hakuwahi kummiminia kahawa mtu aliyekusudia kumfukuza. Mguu wake ukautafuta wa Crisanto chini ya meza. Yamekwisha, aliwaza. Amekubali.

"Nirudie ule wa kwanza," alisema Doña Refugio. "Mshororo wa nne."

Eloísa akausoma akitabasamu. "'Mke chozi li usoni.'"

"Hmm." Mama akakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. "Mimi sikuwahi kulia mlangoni."

Kijiko kiliendelea kuzunguka.

"Hata siku moja. Nilikuwa nalia akishavuka mto, jikoni, maji yakichemka ili usinisikie. Mlangoni nilimpa mkoba wake nikamwambia, nenda na Mungu. Eusebio hakuwahi kuliona chozi langu." Akauweka kijiko chini. "Sasa huu ni mlango wa nani?"

Eloísa alihisi mguu wa Crisanto ukijiondoa taratibu. Akamtazama, na akayaona yote usoni pake kabla hajasema neno. Alielewa pia, kwa haraka ya mtu anayeona mtoto anaelekea kisimani, kitu cha kufanya.

"Ni taswira, Mama," alisema upesi. "Washairi hufanya hivyo. Chozi hilo si la mtu. 'Mke' hapo ni mwanamke yeyote anayeachwa, ni mfano tu. Na kina kilihitaji 'ni', unaona? Mlangoni, usoni, njiani. Ni vina vilivyoleta chozi." Akamgeukia Crisanto, macho yakimsihi. "Si ndiyo? Mwambie. Ni fani tu."

Ilikuwa rahisi mno. Alichotakiwa Crisanto ni kuitikia kwa kichwa. Kahawa ilikuwa mbele yake. Mwanamke aliyempenda alikuwa amemshikia mlango wazi, na upande wa pili wa mlango ule kulikuwa na maisha yake yote.

"Hapana," alisema. "Si fani, mama. Ni mlango wa nyumba moja ya kijiji cha Agua Zarca."

"Crisanto," alinong'ona Eloísa.

"Mwanamke anaitwa Hermelinda. Kila tulipokwenda sikukuu ya kule tulifikia kwake. Tukiondoka alikuwa analia, na mwalimu alikuwa anamwimbia hayo hayo manne. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na gitaa. Nilikuwa mdogo mwanzoni, lakini baadaye sikuwa mdogo, na sikusema kitu."

Doña Refugio hakupiga kelele. Aliinuka, akakusanya sahani tatu, akaziweka moja juu ya nyingine kwa uangalifu mkubwa, akatoka nazo kwa mlango wa nyuma uani, ambako hakukuwa na mahali pa kuoshea sahani.

Eloísa akasubiri mlango ujifunge.

"Umefanya nini?"

"Aliniuliza."

"Alikuwa amekubali! Alishakumiminia kahawa!" Alikuwa ananong'ona kwa ghadhabu, machozi yanamtiririka. "Nilikupa pa kupitia. Neno moja tu! Ulikuwa unashindwa nini kumwachia mama yangu hicho kidogo alichobaki nacho? Wimbo mmoja wa ujana wake, Crisanto. Alikuwa na wimbo mmoja!"

"Nimeujua huo wimbo miaka mingi kuliko unavyonijua mimi. Unadhani haukunichoma?"

"Ungenyamaza, kama ulivyonyamaza siku zote!"

Neno hilo lilimpata. Crisanto akainuka, akaitazama kofia yake iliyopinda, akaiweka mezani. "Ndiyo. Nilinyamaza. Nilimbebea gitaa na nikambebea na uongo, na kwenye mazishi nilimshika mama yako mkono huku namwona Hermelinda nyuma ya kanisa amejifunika shali. Nikajiambia ni heshima kwa marehemu. Sasa leo nianze nyumba na wewe kwa kumdanganya mama yako usoni, mbele ya sahani yake? Kesho akikuuliza wewe jambo, nikudanganye na wewe, niseme ni vina?"

"Usinitie maneno mdomoni."

"Wewe ndiye uliyenitia! Ulitaka niseme ni fani. Wewe, unayewafundisha watoto wa watu kwamba hakuna neno linalokaa katika shairi bure!"

 Eloísa alitaka kumpiga. Alitaka pia kuweka kichwa chake pale kwenye shati jeupe alie mpaka lilowe, na kutojua atangulize lipi kulimfanya alie zaidi. Crisanto alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Nitaondoka," alisema. "Mwambie mama nashukuru kwa chakula. Mwambie nasikitika. Wewe..." Akaitazama ile karatasi. "Wewe nakupenda. Hilo hukuniuliza, lakini nalisema."

Alikuwa ameshageuka mlango ulipofunguliwa. Doña Refugio aliingia na sahani zake tatu zilezile, hazijaoshwa. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujishughulisha kuyaficha.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nani kakuruhusu? Kaa."

Crisanto akakaa. Doña Refugio akaziweka sahani mezani, akavuta kiti, akakaa mbele yake karibu, magoti kwa magoti.

"Yule mwenye shali la kijivu," alisema. "Nilimwona. Nikauliza ni nani huyu anamlilia mume wangu kuliko mimi. Nilimuuliza dada yangu, nikamuuliza padri, nikauliza wapiga violini. Wote wakaniambia, Refugio, pumzika. Refugio, Eusebio alikupenda wewe tu. Wakanipapasa mgongo kama mbwa mgonjwa." Akavuta pumzi. "Mji mzima ulikuwa unajua jina lake. Mimi peke yangu, mke, sikulijua. Hermelinda. Jina zuri."

"Mama..." alianza Eloísa.

"Nyamaza, mwanangu. Nazungumza na mshairi." Akamwinamia Crisanto. "Hapa kwenye shairi umesema, 'kwa mdomo wa kucheka'. Alikuwa anacheka?"

Crisanto akamtazama machoni. "Ndiyo. Tukishapita kona, alikuwa anacheka. Anasema wanawake wanaamini chochote chenye vina."

Eloísa alifumba macho. Lakini mama yake hakutikisika.

"Na akitoka kwangu?" aliuliza, na sasa sauti ilikuwa nyembamba kiasi kwamba Eloísa hakuitambua. "Akitoka hapa, mlango huu. Akishavuka mto. Alikuwa anacheka pia?"

 Crisanto aliitazama sakafu, akitafuta kitu miaka mingi nyuma, na wanawake wote wawili waliona kuwa anatafuta kweli, hatungi.

"Hapana," alisema. "Akitoka hapa alikuwa hasemi. Tulikuwa tunatembea mpaka jua linakuwa kali, mimi namsemesha, yeye kimya. Siwezi kukwambia ni mapenzi, mama. Sijui ni nini. Labda ni aibu. Ninachojua ni kwamba hakuwahi kucheka, na hakuwahi kuniruhusu kupiga gitaa mpaka tuwe mbali."

Doña Refugio akalipima neno hilo.  Halafu akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea kifurushi na kuridhika na uzito wake.

"Hilo naweza kuishi nalo," alisema. "Lina ukubwa wa kweli."

Akainuka, akaichukua kofia ya Crisanto mezani, akajaribu kuunyoosha ukingo uliopinda, akaona haunyooki, akamvika kichwani hivyo hivyo.

"Mama yako bado anaumwa magoti?"

"Bado, mama. Hatembei mbali."

"Basi asihangaike kuja kuposa. Jumapili ijayo nitakwenda mimi."

Eloísa alidhani hakusikia vizuri. "Mama, wewe? Upande wa binti ndio uende kwao? Watu watasema nini?"

"Watasema. Wamesema miaka yote, hawajafa." Akazikusanya tena zile sahani. "Na wewe msindikize mwenzio, mbona umeganda? Halafu urudi uoshe vyombo. Kwa mkono wowote."

Nje, jua lilikuwa limeshalala juu ya paa za vigae. Walitembea mpaka kwenye lango bila kugusana, kila mmoja akiwa na aibu na mwenzake, kama watu waliofahamiana leo. Kwenye lango Eloísa akamshika shati.

"Nisamehe. Nilikuwa namlinda."

"Najua. Mimi ndiye wa kukuomba msamaha. Nilikufokea nyumbani kwenu, na tumbo limejaa chakula cha mama yako."

"Ulinifokea vizuri. Hata mizani ilitimia."

Crisanto akacheka, na Eloísa akacheka, na katikati ya kicheko Crisanto akamwinamia akambusu. Kofia iliyopinda ikaanguka nyuma wala hakuna aliyeifuatilia. Eloísa alimshika shingo kwa mikono yote miwili. Crisanto alinukia mbao na sabuni na kidogo mole.

"Na sasa?" aliuliza Eloísa, uso wake bado kifuani pa shati jeupe. "Ukitoka hapa, ukishavuka mto, utafanya nini?"

"Sisubiri kuvuka," alisema Crisanto.

Akaiokota kofia, akarudi nyuma hatua chache katikati ya barabara, akajaza kifua hewa, akapiga ule ukelele mrefu wa watu wa milimani, unaopanda, unaovunjika, unaopanda tena, ule wanaoupiga violini zikikolea na wachezaji wakipasua mbao kwa viatu. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Madirisha mawili yakafunguliwa. Mtu akauliza kwa sauti kama kuna aliyekufa.

"Hakuna!" alijibu Eloísa, akilia na kucheka. "Hakuna aliyekufa!"

Kutoka jikoni, juu ya mlio wa maji na sahani, ikasikika sauti ya Doña Refugio: "Mwambie apige tena! Huo wa kwanza ulikuwa na kikohozi!"

Naye akapiga tena.